Neno la herufi tatu mbele ya kamusi ya juzuu 20

Kamusi karibu zote huonekana nzuri ukizijaribu kwa maneno magumu. Tafuta neno refu la kitabibu au la kisheria, utapewa maana iliyonyooka, kwa sababu neno gumu kwa kawaida lina kazi moja na haliiachi. Mimi kamusi naipima kwa neno fupi. Ni mwaka wa kumi na moja sasa natafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na hakuna neno lililonisumbua kama hili la herufi tatu: set.

Nilianza kulipa uzito wake baada ya kukosea. Nilikuwa nimepewa mwongozo wa usalama wa mafundi ujenzi, kurasa arobaini na kitu, na muda ulikuwa mchache. Sentensi moja ilimkataza mtu yeyote kukanyaga sakafu kabla zege halijawa "set". Nilikuwa nimechoka. Nikaiuliza programu ya bure ya tafsiri iliyokuwamo kwenye simu yangu, ikanipa "wekwa", nami nikaandika: "Usikanyage zege mpaka liwekwe." Zege lililowekwa ni zege lililomwagwa dakika hii hii, bado uji mzito. Sentensi yangu ilimruhusu fundi kufanya kile kile ambacho mwongozo uliandikwa ili kumzuia. Bahati ni kwamba rasimu ilipitia kwa msimamizi mmoja mzee kabla ya kuchapwa. Akanipigia simu, akaniuliza kwa upole, "Dada, hapa ulikusudia likishika?"

Likishika, naam. Neno hilo nalijua tangu utotoni. Halikunijia kwa sababu sikuwa nimeelewa kwamba "set" ya pale haihusu mtu kuweka kitu, inahusu kitu chenyewe kutulia na kuwa kigumu. Nilirekebisha, nikaomba radhi, na usiku ule nikafungua daftari jipya. Kila nilipokutana na "set" kazini niliinakili sentensi nzima. Miezi minane baadaye nilikuwa na sentensi 31: za miongozo ya mitambo, za mkataba wa kazi, za kitabu cha hisabati, za hadithi, za filamu niliyoiandikia manukuu. Kwa sentensi hizo 31 ndipo nilipoipima Oxford English Dictionary, ambayo wanaoitumia huiita OED kwa kifupi, kupitia tovuti yake ya kulipia. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Kwa asiyeifahamu, hii si kamusi ya mkobani. Wazo lake lilianzia katika Philological Society, chama cha wasomi wa lugha cha London, mwaka 1857. Sehemu ya kwanza ilitoka 1884, ikiwa imefika neno "ant" tu, na toleo la kwanza likakamilika 1928, miaka 13 baada ya kifo cha James Murray, mhariri aliyeibeba kazi hiyo sehemu kubwa ya maisha yake. Murray alifanyia kazi ndani ya kibanda cha mabati chenye rafu za vijisanduku, na watu wa kujitolea walimtumia kwa posta vipande vya karatasi, kila kipande na sentensi moja iliyonakiliwa kutoka kitabuni pamoja na mwaka wake. Nilipokisoma kisa hicho nililitazama daftari langu kwa jicho jipya. Wale watu walikuwa wakifanya jambo lile lile nililokuwa nikilifanya usiku, ila wao waliifanyia lugha nzima.

Toleo la pili, la 1989, lilijaza juzuu 20. Ndani yake hakuna kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa na kuelezwa, kilichokula nafasi kuliko kitenzi "set": maneno yapatayo 60,000, maana kama 430 za kitenzi kikiwa peke yake, na ukijumlisha misemo na vitenzi vinavyoandamana na maneno kama "up", "out" na "off" unafika kwenye 580. Maneno elfu sitini ni riwaya nzima. Riwaya kuhusu neno ambalo mtoto wa Kiingereza hulitamka kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Wingi huo ulinitia hofu. Mtafsiri mwenye kazi ya kupeleka kesho anafanya nini na maana 430? Jibu limo katika mpangilio. OED ni kamusi ya kihistoria: haianzi na maana inayotumika sana leo, inaanza na ile ya zamani zaidi inayoweza kuthibitishwa kwa maandishi, kisha inashuka nawe. Kila maana ina nukuu zake zenye miaka, na maana iliyokufa huwekewa alama ya msalaba mdogo. Husomi orodha, unafuata njia. Na mwanzoni mwa njia hiyo nilikuta jambo ambalo shuleni sikuwahi kuambiwa.

"Set" ni "sit" iliyotiwa kauli ya kutendesha.

Nilisimama nikazunguka chumba. Sisi tunayo kauli hiyo kila dakika mdomoni: keti, ketisha, kaa, kalisha, lala, laza. Kiingereza cha sasa hakina kiambishi cha namna hiyo, lakini lugha mama zake za kale zilikuwa nacho, nacho kiliibadilisha irabu ya katikati ya neno kabla ya chenyewe kutoweka. Ndiyo maana Kiingereza kina jozi hizi ambazo mwanafunzi hukaririshwa kama mambo yasiyohusiana: "lie" ni kulala na "lay" ni kulaza, "rise" ni kuinuka na "raise" ni kuinua, "fall" ni kuanguka na "fell" ni kuangusha mti, hata "drink" na "drench", kwani "drench" ilianza kwa maana ya kunywesha. "Sit" ni kukaa. "Set", ambayo katika Kiingereza cha Kale iliandikwa "settan", ni kukalisha.

Shika hilo, halafu rudi kwenye sentensi. Kito kwenye pete kimekalishwa mahali pake. Sisi husema kimepachikwa. Mfupa uliovunjika umerudishwa kwenye makao yake. Sisi husema umeungwa. Herufi za chuma za mpiga chapa zimekalishwa kwenye mstari, tarehe imekalishwa kwenye kalenda, kisa cha filamu kimekalishwa katika mji fulani na mwaka fulani. Jua nalo linakwenda kwenye kikao chake, na hapo Kiswahili kinakutana na Kiingereza njiani, kwa sababu nasi husema jua linatua, kama ndege anayetafuta tawi la kulala. Na zege linakaa. Linaacha kutembea, linashika mahali lilipo.

Hii haina maana kwamba Kiswahili kinaweza kutumia neno moja. Katika sentensi 31 nimetumia vitenzi 22 tofauti vya Kiswahili, na sioni hata kimoja cha kupunguza. Kwa meza ni andaa. Kwa mtego ni tega, na kwa saa ya kuamsha pia ni tega, jambo linalonifurahisha kwa sababu wasemaji wetu waliona kwamba saa ya kengele ni mtego uliowekewa usingizi. Kwa safari ni funga safari au ondoka, kwa chombo cha baharini ni kung'oa nanga, kwa nyumba inayochomwa ni tia moto, kwa mfungwa ni achia, kwa shairi linalopewa muziki ni tilia. Mfano mwema huonyeshwa. "All set" ni tayari, basi. Kamusi ya Kiingereza haiwezi kunipa maneno haya, wala sikuilipia kwa ajili hiyo. Kazi yake ilikuwa kunionyesha kwa usahihi kitu gani kinatendeka ndani ya sentensi, ili Kiswahili changu kijichagulie chenyewe.

Sentensi ya kitabu cha hisabati ndiyo iliyonifungua macho zaidi. Miaka yote nilidhani "set" ya hisabati, ile tunayoiita seti, na seti ya vikombe au ya funguo, ni kitenzi kile kile kilichogeuzwa kuwa nomino: vitu vilivyowekwa pamoja. Maelezo yanaingia akilini, tena yana mvuto. OED inazitenga kabisa. Nomino ya kundi la vitu imepewa kidahizo chake na ukoo wake: imetoka Kifaransa cha Kale, "sette", nacho kutoka Kilatini "secta", yaani wafuasi, watu wanaofuatana nyuma ya mmoja. Kutoka "secta" hiyo hiyo Kiingereza kilipata "sect", ambayo ni madhehebu. Kwa hiyo seti ya vikombe ina undugu wa damu na madhehebu ya dini, na kwa kitenzi cha kuweka ni jirani tu. Baadaye majirani hao walizoeana mno kwa sababu ya kufanana sauti, wakaanza kuazimana maana, na kamusi inakiri hilo badala ya kulificha. Mwanahisabati Georg Cantor alipoijenga nadharia ya seti kuanzia miaka ya 1870 aliandika Kijerumani, na neno lake la baadaye lilikuwa "Menge", lenye maana ya wingi au umati. Kiingereza kikachagua "set", na Kiswahili kikalipokea kutoka huko. Tunapoandika "seti ya namba" tunaandika neno la Kilatini lililopita Ufaransa na Uingereza kabla ya kufika ubaoni.

Nilirudi pia kwenye lile zege, maana kosa langu lilikuwa bado linaniuma. Mwongozo ule ulitumia "set" ukurasa mmoja na "harden" ukurasa uliofuata, nami nilikuwa nimezidhania kuwa maneno mawili ya jambo moja. Kumbe kwa wahandisi ni hatua mbili. "Setting" ni saa zile za mwanzo ambapo zege linapoteza ulaini, haliwezi tena kufinyangwa. "Hardening" ni siku na wiki zinazofuata, linapojenga nguvu, na ndiyo sababu nguvu yake hupimwa kwa desturi siku ya 28. Zege lililoshika bado halijakomaa. Fundi anayechanganya hatua hizo anaweza kuondoa nguzo za muda mapema. Sasa huandika "kushika" kwa ya kwanza na "kukomaa" kwa ya pili, na maneno yote mawili nimeyasikia kwa mafundi wenyewe.

Katika kupima nilijifunza pia ufunguo mmoja mdogo ambao sijaona watu wakiutaja. Tazama kama "set" ina shamirisho, yaani kitu kinachotendwa. Ikiwa haina, mara nyingi kitu kimetulia chenyewe: jua, saruji, uso uliokazika kwa hasira. Ikiwa ina shamirisho, kuna mkono wa mtu. Ufunguo huu haufungui milango yote, kwani "set out" haina shamirisho na mtu anaondoka kwa miguu yake. Lakini ungeniokoa siku ile ya mwongozo.

Sasa niseme nani asiinunue. Anayejifunza Kiingereza bado, OED itamzamisha. Kuanza na maana ya kale kunamfaa mwenye swali la "kwa nini". Mwenye swali la "nisemeje" anahitaji maana ya leo ije kwanza. Mtu huyo achukue kamusi ya wanafunzi. Aina hiyo ya kamusi ina deni kubwa kwa A. S. Hornby, mwalimu aliyefundisha Kiingereza nchini Japani, ambaye yeye na wenzake walitoa kamusi yao Tokyo mwaka 1942, ikachapwa tena na Oxford 1948, na mjukuu wake ndiye Oxford Advanced Learner's Dictionary ya leo. Hornby alikuwa mwalimu wa wageni, akajua kwamba mgeni hashindwi na maana tu, anashindwa na umbo la sentensi: kitenzi hiki kinafuatwa na nini, kinakaaje na wenzake. Wachapishaji Longman nao walipotoa kamusi yao ya wanafunzi 1978 walijifunga kueleza maana kwa msamiati wa maneno takriban 2,000, na hilo ni jambo la heshima kwa msomaji. Katika sentensi zangu 31, kamusi ya wanafunzi iliyoko mezani kwangu ilitatua 26 haraka kuliko OED. Zile tano zilizobaki ndizo zilizonigharimu usiku mzima mzima, na hizo zilihitaji OED.

Programu ya simu niliijaribu upya kwa haki, sentensi zote 31, jioni moja. Ilipata 12. Nyingi kati ya zilizokosewa zilirudi na "weka", neno ambalo halileti kelele yoyote linapokosewa. Hiyo ndiyo hatari yake hasa. Tafsiri mbaya kabisa mtu huishtukia. "Weka" hupita kimya kimya hadi kwenye karatasi iliyochapwa.

Kitu kingine cha kujua kuhusu "set" ni kwamba umbo lake halibadiliki kwa wakati. "They set the table" inaweza kuwa ya jana au ya kila siku, na huwezi kujua bila kusoma jirani zake. Zamani wakati uliopita ulikuwa na irabu mwishoni, "sette", kisha ikadondoka. Hapa ndipo nukuu za OED zinapothibitisha thamani yake, kwa sababu unaona umbo likichakaa karne baada ya karne. Ndivyo ilivyo pia kwa "upset", ambayo katika karne ya 15 ilimaanisha kusimamisha kitu, na leo ni kukipindua. Nilipokuta hiyo nilimsomea mume wangu kwa sauti.

Wengine wataniuliza kuhusu ubingwa wa urefu. Katika marekebisho mapya ya OED, ambayo wahariri waliyaanza kwenye herufi M mwaka 2000, "make" iliizidi "set" kwa urefu, kisha "put" mwaka 2007, na mwaka 2011 "run" ikazipita zote ikiwa na maana 645. Peter Gilliver, mhariri aliyeishughulikia "run", alitumia miezi tisa kwa neno hilo moja. Nalielewa: mashine, kampuni, programu za kompyuta, kampeni za uchaguzi, zote kwa Kiingereza "zinakimbia". Lakini kwangu "set" bado ndiyo ngumu. "Run" karibu daima hukupa mwendo wa kushika. "Set" inaanza na mkono unaoweka na inaishia kwenye kitu kisichosogea, na lazima ujue umesimama wapi kati ya hayo mawili.

Natamani, na nalisema kwa moyo wote, kuona Kiswahili kikifanyiwa kazi hii. Chukua "piga" peke yake: simu, picha, pasi, magoti, hodi, kura, chafya, mluzi, mswaki, deki. Kamusi zetu hutoa orodha, na orodha inasaidia. Lakini nani ametuonyesha ni ipi iliyozaliwa kwanza, katika andiko lipi, na lini pigo la mkono likawa simu? Mgeni anayejifunza lugha yetu anaumia na "piga" kama mimi nilivyoumia na "set", na sisi wenyewe tunabaki hatujui utajiri tulioukalia. Vipande vya karatasi vilivyojaa kibanda cha Murray viliandikwa na wasomaji wa kawaida. Sisi wasomaji tupo.

Kwa mtafsiri anayeishi kwa kazi hii, nasema jiunge, hata kama ni kwa mwaka mmoja, na uliza kwanza kama maktaba uliyo mwanachama wake imeshalipia. Kwa mwanafunzi, anza na kina Hornby.

Sentensi ya 31 ndiyo iliyochelewa kuliko zote. Ilikuwa ya hadithi, ikisema kwamba "the set of her shoulders" ndiyo iliyomjulisha mwanamume kuwa mke wake harudi. Wiki mbili niliandika na kufuta: alivyoinua mabega, umbo la mabega, alivyokaza mabega. Zote zilikuwa na mkono ndani yake, na pale hapakuwa na mkono. Nikafungua nomino iliyotokana na kitenzi, nikapanda hadi juu kabisa, kwenye "sit", kwenye kukaa. Kutoka kukaa, Kiswahili kilikuwa kimeshanitengenezea nomino. Mkao. "Mkao wa mabega yake ulimwambia kwamba harudi." Niliipeleka Ijumaa, na mhariri hakuigusa.